Ufahamu na Ufupisho: Taarifa Kuhusu Mambo ya Nchi Ngeni

Katika Karatasi ya Pili, ufahamu una alama 15 na ufupisho alama 15. Watahiniwa wengi hupoteza alama hizi ingawa Kiswahili wanakijua. Hujibu kwa yale waliyokuwa wakiyajua zamani badala ya yale waliyoyasoma sasa hivi. Kasoro hii huzidi taarifa inapozungumzia mambo ya nchi nyingine, ambako maneno tuliyoyazoea huweza kubeba maana tusiyoizoea.

Chukua neno dhamana. Ukilisoma katika gazeti la Nairobi, utamwaza mshukiwa aliyeachiliwa na hakimu hadi kesi yake itakapotajwa tena. Ukinunua simu, dhamana ni ile ahadi ya mwaka mmoja ambayo wengi huiita waranti. Katika taarifa ifuatayo neno hili limetumiwa kwa maana hiyo ya pili, na mwandishi anakataa kuliambatisha na kila ahadi inayofanana nayo. Mtahiniwa asiyeiona tofauti hiyo atakosa swali zima.

Soma taarifa mara mbili. Mara ya kwanza weka kalamu chini. Mara ya pili pigia mstari sentensi zenye lakini, hata hivyo, isipokuwa na kwa kawaida. Maswali mengi hutungwa hapo.

UFAHAMU (Alama 15)

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali.

(1) Nchini Marekani, mtu anayetaka kuuza nyumba yake huketi na wakala, wakapanga bei, wakajaza fomu, kisha likazuka swali: je, atamnunulia mnunuzi mkataba wa matengenezo wa mwaka mmoja? Swali hili huulizwa kana kwamba ni jambo dogo. Nyumba inauzwa, tuseme, dola 300,000. Mkataba ni dola 600. Nani atababaishwa na kiasi hicho? Lakini mwenye nyumba huyo tayari anakabiliwa na ada ya wakala, rangi mpya ya sebule na gari la kuhamisha vyombo. Kibaba kilichojazwa haba na haba humwagika vivyo hivyo, haba na haba.

(2) Mikataba ya aina hii ilianza kuenea nchini humo katika miaka ya 1970. Kampuni hupokea malipo ya mwaka. Kifaa kilichotajwa mkatabani kikiharibika kwa kuchakaa kwa matumizi ya kawaida, anayeishi katika nyumba hupiga simu, kampuni ikamtuma fundi. Kwa kila safari ya fundi hulipwa ada, aghalabu kati ya dola 75 na 125, na gharama iliyobaki huwa ya kampuni. Vinavyoshughulikiwa ni kama vile mtambo wa kupasha nyumba joto, kiyoyozi, hita ya maji, mabomba, nyaya za umeme, jokofu na jiko. Paa, kuta na msingi kwa kawaida havimo; anayetaka paa liingizwe hulipa nyongeza. Aidha, kila mkataba una kikomo: kampuni hulipa hadi kiasi fulani, na kinachozidi ni mzigo wa mwenye nyumba.

(3) Mkataba huu si bima ya nyumba. Bima hulipia maafa ya ghafla kama moto, kimbunga au wizi, ilhali mkataba hushughulikia uzee wa vifaa. Wala si dhamana ya mjenzi. Mjenzi wa nyumba mpya huahidi kurekebisha kazi yake mwenyewe: mara nyingi mwaka mmoja kwa kazi ya mikono, miaka miwili kwa mabomba na nyaya, na miaka kumi kwa kasoro kubwa za muundo. Mkataba wa matengenezo hutolewa na kampuni ambayo haikuijenga nyumba wala haikuunda kifaa chochote kilichomo. Huuza huduma tu.

(4) Muuzaji basi ananufaika vipi na mkataba wa nyumba ambayo hatalala tena ndani yake? Kwanza, humtuliza mnunuzi mwenye hofu. Kijana anayenunua nyumba yake ya kwanza amekwisha kukung'uta akiba yote kwa malipo ya awali. Akiona hita ya maji yenye umri wa miaka 11, naye anajua kwamba hita za tangi huishi takriban miaka 8 hadi 12, hukosa usingizi. Mkataba humpa ujasiri wa kutia sahihi. Pili, hita hiyo ikizimika mwezi mmoja baada ya mauzo, mnunuzi huipigia simu kampuni wala si muuzaji. Tatu, baadhi ya kampuni huanza kuilinda nyumba ingali sokoni, na malipo huondolewa katika pesa za mauzo siku mauzo yanapokamilika. Kiyoyozi kikifa mjini Houston mwezi wa Julai, nyumba haionyesheki kwa mteja yeyote. Hapo muuzaji ndiye anayeokolewa.

(5) Hata hivyo, mkataba una meno machache kuliko unavyotangazwa. Kampuni hukataa kasoro iliyokuwapo kabla ya mkataba kuanza, na hukataa kifaa ambacho hakikutunzwa ipasavyo. Fundi akisema kwamba kiyoyozi hakijahudumiwa kwa miaka mitatu, mnunuzi hubaki na bili na kinyongo, na kinyongo hicho humrudia muuzaji aliyedhani amejitoa. Nyumba yenye vifaa vipya haina haja kubwa ya mkataba kwa kuwa vifaa hivyo vingali na dhamana ya kiwanda. Wala haina haja nyumba inayogombewa na wanunuzi watano: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji anaweza pia kubadilisha hita kuukuu mwenyewe, kupunguza bei, au kumwachia mnunuzi kiasi hichohicho cha pesa siku ya kukamilisha mauzo ili ajichagulie. Anapaswa vilevile kumtazama anayemshauri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayosimamia malipo ya ununuzi wa nyumba hukataza watu kulipana kwa sababu tu ya kuelekezana wateja, na mwaka 2010 wizara ya nyumba ilifafanua kwamba kampuni za mikataba haziruhusiwi kumlipa wakala kwa kuwashawishi wateja wake tu.

(6) Kuna jambo moja ambalo mkataba hauwezi kulinunua. Mwaka 1982, huko Florida, familia moja ilikubali kununua nyumba ya miaka mitatu kwa dola 310,000, ikatoa arbuni ya dola 5,000. Kabla ya kuongeza dola 26,000, mke aliona plasta iliyobanduka karibu na dirisha na madoa kwenye dari. Muuzaji alimweleza kwamba dirisha lilikuwa na hitilafu ndogo iliyorekebishwa zamani, na kwamba madoa yalitokana na gundi ya karatasi za ukutani na kusogezwa kwa boriti. Pesa zikalipwa. Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha, na mama huyo alipoingia alikuta maji yakibubujika kutoka darini, kwenye fremu za madirisha, kwenye taa na hata kwenye jiko. Mafundi wa upande wa wauzaji walisema paa lingezibwa kwa chini ya dola 1,000. Wa upande wa wanunuzi walisema hapana budi kuezeka upya kwa dola 15,000. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Florida iliamua kwamba muuzaji anayejua kasoro inayoathiri thamani ya nyumba, ambayo haionekani kwa urahisi na ambayo mnunuzi haijui, sharti aiseme. Wanunuzi walistahili kurudishiwa arbuni yao.

(7) Kwa hivyo mwenye nyumba ahesabu umri wa vifaa vyake kabla ya kuhesabu dola za mkataba, na anachokijua akiandike kwenye fomu.

Maswali

(a) Kwa mujibu wa aya ya tatu, onyesha jinsi mkataba wa matengenezo unavyotofautiana na:
 (i) bima ya nyumba (alama 1)
 (ii) dhamana ya mjenzi (alama 2)
(b) Eleza manufaa matatu ambayo muuzaji hupata kwa kununua mkataba. (alama 3)
(c) Mbali na kununua mkataba, muuzaji anaweza kuchukua hatua gani nyingine? Taja mbili. (alama 2)
(d) "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Eleza jinsi mwandishi anavyoitumia methali hii. (alama 2)
(e) Thibitisha kwamba mkataba wa matengenezo usingemsaidia muuzaji wa Florida. Toa sababu mbili. (alama 2)
(f) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika taarifa: (alama 3)
 (i) kikomo
 (ii) arbuni
 (iii) amejitoa

Majibu na maelezo

(a) (i) Bima hulipia maafa ya ghafla kama moto, kimbunga au wizi, ilhali mkataba hushughulikia vifaa vinavyoharibika kwa uzee. Neno ilhali, au lolote la kulinganua, ni la lazima. Ukiandika "Bima hulipia moto" ukanyamaza, umeeleza upande mmoja tu, na swali lilisema utofautishe.
(ii) Dhamana ya mjenzi hutolewa na aliyeijenga nyumba, naye huahidi kurekebisha kazi yake mwenyewe. Mkataba hutolewa na kampuni ambayo haikujenga wala kuunda chochote. Pia dhamana hiyo ni ya nyumba mpya na huweza kufika miaka kumi, ilhali mkataba ni wa mwaka mmoja. Angalia kwamba "mwaka mmoja" wa mkataba umo katika aya ya kwanza. Swali limesema aya ya tatu, kwa hivyo jibu la kwanza ndilo salama zaidi. Muda utakupa alama iwapo umeutumia kuonyesha tofauti.

(b) Humtuliza mnunuzi mwenye hofu hadi akakubali kununua. Kifaa kikiharibika baada ya mauzo mnunuzi huilalamikia kampuni badala ya muuzaji. Baadhi ya kampuni huilinda nyumba ingali sokoni. Mtahiniwa akiandika "mnunuzi hutengenezewa hita yake" atakosa alama. Hayo ni manufaa ya mnunuzi, na swali limeuliza kuhusu muuzaji. Katika taarifa yenye pande mbili zinazopatana, kila sentensi uulize inamhusu nani.

(c) Zozote mbili: kubadilisha kifaa kuukuu mwenyewe, kupunguza bei ya nyumba, au kumwachia mnunuzi kiasi hicho cha pesa siku ya kukamilisha mauzo. Swali limesema taja, usiandike insha.

(d) Nyumba nzuri inayogombewa na wanunuzi wengi haihitaji kivutio cha mkataba (alama 1), ilhali ile isiyovutia ndiyo inayohitaji kusukumwa sokoni kwa nyongeza kama hiyo (alama 1). Usieleze maana ya methali peke yake. Swali linauliza mwandishi anavyoitumia, kwa hivyo nyumba na mkataba sharti vitajwe.

(e) Hili ndilo swali gumu. Aya ya sita haisemi popote kwamba mkataba ulikuwapo au haukuwapo, na mtahiniwa anayetafuta sentensi ya kunakili hataipata. Jibu limetawanywa katika aya tatu. Aya ya pili inasema kwamba paa kwa kawaida halimo mkatabani. Tatizo la Florida lilikuwa paa. Aya ya tano inasema kwamba kampuni hukataa kasoro iliyokuwapo kabla ya mkataba kuanza. Madoa na plasta iliyobanduka vilionekana kabla mauzo hayajakamilika. Aya ya sita inaongeza kwamba sheria inamtaka muuzaji aiseme kasoro anayoijua, na wajibu huo hauondolewi kwa kulipa dola 600. Toa zozote mbili, kila moja pamoja na ushahidi wake kutoka kwenye kisa. Ukisema "paa halimo" bila kutaja kwamba kasoro ya Florida ilikuwa ya paa, hujathibitisha.

Tahadhari nyingine kuhusu swali hili. Usiandike kwamba muuzaji "alifungwa". Taarifa haisemi hivyo. Mahakama iliamua kuhusu pesa.

(f) (i) Kikomo ni kiwango cha juu kabisa ambacho kampuni iko tayari kulipa. "Mwisho" pekee ni maana ya kamusi, si ya taarifa. (ii) Arbuni ni sehemu ya bei inayotolewa mwanzo kuonyesha kwamba mnunuzi ameafiki kununua. Usiichanganye na ada ya fundi, ambayo ni malipo ya kazi. (iii) Amejitoa ni amejinasua, amejiondoa katika lawama. Neno hili limewekwa makusudi, kwani kujitoa huweza pia kuwa kujitolea kusaidia. Muuzaji hapa hakuwa na nia ya kusaidia. Alitaka asisumbuliwe tena. Kinyongo "humrudia", na hilo ndilo linaloamua maana.

UFUPISHO

Katika mtihani, kifungu cha ufupisho huwa tofauti na cha ufahamu. Hapa tutatumia taarifa ileile ili uone jinsi aya uliyokwisha kuielewa inavyoweza bado kukushinda kuifupisha.

Fupisha aya ya nne na ya tano kwa maneno kati ya 60 na 70. (alama 9, alama 1 ya mtiririko)

Matayarisho. Kabla ya kuandika, amua cha kuacha. Houston huondoka, na Julai pia. Umri wa hita, miaka 8 hadi 12, ni mfano. Huondoka japokuwa unavutia. Mwaka 1974 na 2010 ni ushahidi wa hoja moja tu, kwamba malipo kwa wakala yana mipaka. Hoja hubaki, miaka huondoka. Methali huondoka na maana yake hubaki. Wengi huona uchungu kuacha tarakimu, wakidhani ndizo zenye uzito. Tarakimu hubaki tu pale ambapo ndizo hoja yenyewe.

Kisha tafuta mahali aya zinapogeuka. Aya ya nne inaunga mkono mkataba, ya tano inaupinga, na hata hivyo mwanzoni mwa aya ya tano ndiyo bawaba. Ukiipoteza bawaba hiyo, nakala yako itaonekana kana kwamba mwandishi anajipinga.

Nakala safi. Muuzaji hufaidika kwa mkataba kwa kuwa humtuliza mnunuzi mwenye hofu, humwelekeza mnunuzi kwa kampuni kifaa kinapoharibika, na wakati mwingine hulinda nyumba kabla haijauzwa. Hata hivyo, kampuni hukataa kasoro za awali na vifaa visivyotunzwa, jambo linaloleta ugomvi. Vifaa vipya vina dhamana ya kiwanda, na nyumba inayogombewa haihitaji kivutio. Muuzaji anaweza kurekebisha kifaa, kupunguza bei au kumwachia mnunuzi pesa. Kampuni hairuhusiwi kumlipa wakala kwa kuwashawishi wateja tu. (Maneno 65)

Hesabu maneno yako na uandike idadi kwenye mabano. Ukizidi, punguza vielezi kwanza, kisha mifano iliyojipenyeza. Usifute viunganishi, alama ya mtiririko imo humo.

Mazoezi zaidi

1. Fupisha aya ya sita kwa maneno 45. Hakikisha kwamba alichokiona mnunuzi, alichoambiwa na alichoamua hakimu vyote vimo. (alama 5, 1 ya mtiririko)

2. Nyumba yako ina miaka 14. Kiyoyozi ni cha tangu ijengwe, hita ya maji ilibadilishwa mwaka uliopita, na wanunuzi wawili tu wamekuja kuiona kwa miezi miwili. Katika aya moja, eleza iwapo utanunua mkataba wa matengenezo au utachukua hatua nyingine iliyotajwa katika taarifa. Uamuzi wowote utakubalika mradi utaje angalau mambo mawili kuhusu nyumba hii na uyahusishe na aya ya nne au ya tano. (alama 4)